Tukihama Programu ya Barua Pepe, Barua Zihame Nasi

Katika ofisi nyingi za parokia, shule na zahanati zetu ipo kompyuta moja pembeni mwa meza ya karani, na ndani yake imo programu ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka siku inapogoma. Hiyo ndiyo inayopokea, kutuma na kutunza barua pepe za ofisi. Kwa miaka mingi ofisi hizo zilitumia programu za bure za Windows: kwanza Outlook Express, kisha Windows Live Mail, baadaye Mail ya Windows 10. Leo zote tatu zimefikia mwisho. Windows Live Mail iliachwa Januari 2017, Mail ikafuata tarehe 31 Desemba 2024, na Windows 10 yenyewe ikafikia kikomo cha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo watu wanahama, wapende wasipende.

Wanapohama huulizana: programu ipi ni nzuri zaidi? Ipi ni nyepesi? Ipi inapendeza machoni? Hayo si maswali mabaya, lakini sisi tunasema si ya kwanza. Swali la kwanza ni hili: siku tutakapotaka kuiacha programu hii mpya, tutaondoka na barua zetu kwa njia gani? Programu isiyo na jibu la wazi kwa swali hilo haifai kukabidhiwa barua za ofisi, hata kama ni nzuri kiasi gani. Na kwa ofisi zetu nyingi ndogo, jibu tunaloliona kuwa bora kwa sasa ni Thunderbird. Tueleze sababu.

KITU GANI KINAHAMA?

Sisi tunaosoma falsafa tumezoezwa kuuliza kitu ni nini kabla ya kuuliza kinafaa kwa kazi gani. Zoezi hilo linasaidia hapa, kwa sababu watu wengi huchanganya vitu vitatu vilivyo tofauti. Kuna anwani, yaani jina ambalo watu wanatuandikia. Kuna seva, yaani kompyuta ya mbali inayopokea barua kwa niaba yetu, mithili ya sanduku la posta mjini. Na kuna programu, yaani chombo kilicho mezani kwetu cha kuzichukua barua hizo, kuzisoma, kuzijibu na kuzipanga. Mtu akisema “Outlook yangu imefutika”, hajatuambia bado ni kipi kati ya vitatu kilichopotea. Pengine ni programu tu, na barua zote ziko salama kwenye seva. Pengine programu ipo nzima na barua ndizo hazipo.

Kwamba vitu hivi vitatu vinaweza kutenganishwa si jambo la bahati. Barua pepe ilijengwa juu ya makubaliano ya wazi ambayo hayamilikiwi na kampuni yoyote. Utaratibu wa kutumia barua, unaoitwa SMTP, uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Utaratibu wa kuzisoma barua zikiwa bado kwenye seva, unaoitwa IMAP, ulianzishwa na Mark Crispin kule Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Kwa sababu ya makubaliano hayo, mtu mwenye Outlook anamwandikia mwenye Thunderbird bila yeyote kati yao kujua mwenzake anatumia nini. Kwa sababu hiyohiyo, ofisi inaweza kubadili programu leo na anwani yake ikabaki ileile. Jaribu kufanya hivyo na huduma za ujumbe wa simu uone: ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, lazima uwavute na watu wako wote. Katika barua pepe uhuru huo bado tunao, na ni uhuru unaostahili kulindwa.

Hata hivyo, uhuru huo una mwanya. Makubaliano hayo ya wazi yanahusu jinsi barua inavyosafiri. Hayaamui jinsi itakavyohifadhiwa ikishafika mezani. Hapo kila programu ina ghala lake na kufuli lake, na hapo ndipo watu wanapopoteza barua zao.

Chanzo kikubwa cha upotevu ni tofauti ya herufi chache ambazo fundi huzichagua siku ya kwanza bila kumweleza karani: POP au IMAP. Akichagua IMAP, barua zinabaki kwenye seva na programu ya mezani inaonyesha nakala yake. Akichagua POP, programu inazichukua barua na kuzileta kwenye kompyuta, na mara nyingi zile za kwenye seva hufutwa mara moja au baada ya siku kadhaa. Kuanzia hapo nakala pekee duniani ni ile iliyo kwenye diski ya kompyuta hiyo moja. Zamani lilikuwa jambo la busara, maana nafasi ya seva ilikuwa ndogo na intaneti ilikuwa ghali. Lakini ofisi nyingi zimebaki na mpangilio huo bila mtu yeyote kujua, na watajua siku kompyuta itakapokufa.

KILICHO HATARINI

Tunaifahamu parokia moja iliyokuwa na mpangilio huo wa POP. Kompyuta ya ofisi ilipoanza kusuasua ilipelekwa kwa fundi mjini, na fundi akafanya kile ambacho mafundi wengi hufanya: akapiga Windows upya. Alihamisha picha na hati zilizokuwa mezani, akairudisha kompyuta ikiwa nyepesi kama mpya, na kila mtu akafurahi. Baada ya miezi kadhaa ukazuka mgogoro wa mpaka wa kiwanja cha kigango kimoja. Paroko aliyetangulia alikumbuka vizuri kwamba afisa aliyehusika na upimaji aliwahi kuandika barua pepe akikubali vipimo vya mpaka ule. Barua ikatafutwa, haikuonekana. Aliyeiandika amestaafu, aliyeipokea amehamishwa, na kompyuta iliyoitunza imesafishwa. Wazee wa kigango wanabishana mpaka leo kwa kumbukumbu za vichwani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba siku hizi sehemu kubwa ya daftari lenyewe iko ndani ya barua pepe. Humo ndimo alimo mfadhili aliyeahidi kuchimba kisima, na masharti aliyoyaweka. Humo ndimo yalimo maombi ya vyeti vya ubatizo kutoka kwa watu wanaotaka kufunga ndoa mbali na nyumbani, ankara za wauza vifaa vya ujenzi, barua za waliosoma shuleni kwetu zamani wakiomba uthibitisho wa masomo yao. Karatasi zilizofuata zipo kabatini, lakini mazungumzo yanayozieleza karatasi hizo yapo kwenye programu.

Kanisa halijawahi kuliona jambo hili kuwa dogo. Sheria Kanoni ya mwaka 1983, kanuni ya 535, inataka kila parokia iwe na mahali pa kutunzia nyaraka, ambamo pamoja na madaftari ya parokia zihifadhiwe barua za maaskofu na hati nyingine zinazopaswa kutunzwa kwa sababu ya ulazima au manufaa. Kanuni hiyo haisemi barua za karatasi tu. Na tusidhani barua pepe ni barua ya daraja la pili: tarehe 22 Novemba 2001 Papa Yohane Paulo II aliwatumia maaskofu wa Oceania wosia wake wa kitume, Ecclesia in Oceania, kwa barua pepe, kwa sababu visiwa vile viko mbalimbali mno. Kama wosia wa Papa unaweza kusafiri hivyo, barua ya mpaka wa kiwanja nayo ni barua kamili na inastahili kutunzwa kama barua.

HISTORIA INATUFUNDISHA NINI

Programu za barua pepe zinakufa, na yetu ya kesho nayo itakufa siku moja. Kwa hiyo tuzipime kwa kuangalia zile zilizokufa ziliacha barua za watu katika hali gani.

Eudora iliandikwa na Steve Dorner mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ikaja kumilikiwa na kampuni ya Qualcomm. Ilipendwa sana miaka ya 1990, lakini kufikia mwaka 2006 Qualcomm iliacha kuiendeleza. Waliokuwa na barua za miaka kumi ndani yake hawakuangamia, kwa sababu Eudora ilizitunza kwa mtindo wa mbox, ambamo barua za folda moja huandikwa mfululizo ndani ya faili moja la maandishi ya kawaida. Faili la namna hiyo linaweza kufunguliwa hata na programu nyepesi ya kuandikia maandishi, na programu nyingine nyingi za barua hulielewa. Mwaka 2018 hata msimbo wa Eudora uliwekwa wazi kupitia Computer History Museum ya California.

Outlook Express ilikwenda njia nyingine. Yenyewe ilizifungia barua katika mafaili yake ya dbx ambayo programu nyingine hazikuyafahamu kwa urahisi. Ilipopitwa na wakati, watu walihangaika kutafuta programu za kubadilishia, nyingine za kulipia, nyingine za kutiliwa shaka. Outlook kubwa ya ofisini nayo hutunza barua katika faili la PST. Katika matoleo yake mpaka lile la 2002, faili hilo likifika GB 2 lilijaa na lingeweza kuharibika. Toleo la 2003 lilikuja na mtindo mpya uliopanua kikomo, na mwaka 2010 Microsoft ilichapisha maelezo ya jinsi faili hilo lilivyoundwa ili wengine waweze kulisoma. Ilikuwa hatua ya haki na tunaisifu. Lakini PST bado ni ghala linalofunguliwa vizuri zaidi na yule aliyelijenga.

Thunderbird, kwa upande wake, ilitoka katika toleo la 1.0 mwezi Desemba 2004 chini ya Mozilla. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na kwa kawaida hutunza barua kwa mtindo uleule wa mbox. Historia yake haikuwa ya mteremko. Mwaka 2012 Mozilla ilitangaza kwamba haitaipa tena kipaumbele, na wengi wakaihesabu kuwa imekufa. Haikufa. Watu wa kujitolea waliendelea kuitengeneza, watumiaji wakaichangia fedha, na mwaka 2020 ikawekwa chini ya kampuni tanzu ya Mozilla Foundation iitwayo MZLA Technologies. Mpaka leo inaishi kwa michango. Mwaka 2023 ikapata sura mpya kabisa katika toleo la 115.

Katika historia hiyo tunaona mambo mawili. La kwanza, programu yenye msimbo wazi inaweza kuachwa na mwenye nayo na bado ikapata wa kuilea. La pili, hata kama isingempata, barua zilizomo zingebaki kusomeka. Hilo la pili ndilo kubwa zaidi kwetu, kwa sababu hatuwezi kujua kampuni gani itakuwepo miaka ishirini ijayo, bali tunaweza kuchagua leo jinsi mafaili yetu yatakavyoandikwa.

BARUA INAPITA MIKONO YA NANI

Kuna jambo jingine ambalo wanaohama wanapaswa kulijua. Waliokuwa wakitumia Mail ya Windows wameelekezwa kwenye Outlook mpya, ambayo ni ya bure. Programu hiyo inafanana kwa jina na Outlook ya zamani lakini utendaji wake ni tofauti. Microsoft yenyewe inaeleza kwamba ukiingiza humo akaunti isiyo ya Microsoft, nakala ya barua zako, kalenda yako na kitabu chako cha anwani husawazishwa na kompyuta za Microsoft. Maana yake ni kwamba barua za ofisi ambazo zamani zilitoka kwenye seva yenu moja kwa moja hadi mezani kwenu, sasa zinapitia na kukaa katika nyumba ya tatu.

Hatusemi kwamba huo ni uovu. Jambo limeelezwa, na kwa mtu binafsi huenda lina manufaa yake. Tunasema ofisi iamue kwa kujua, isiamuliwe na kitufe kilichobonyezwa kwa haraka. Barua za parokia zina mambo ya ndoa, ya magonjwa, ya madeni, ya watoto. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inamdai kila anayekusanya taarifa za watu ajue anazitunza wapi na anamkabidhi nani. Ofisi isiyojua barua zake zinakaa wapi itajibu nini ikiulizwa?

Tatizo hili si geni. Karibu mwaka 395 Mtakatifu Augustino alimwandikia Mtakatifu Yeronimo barua ya kumpinga juu ya ufafanuzi wa Waraka kwa Wagalatia. Mjumbe hakufika Bethlehemu, na barua ikasomwa na watu wengine huko Italia kabla ya yule iliyeandikiwa. Yeronimo alipopata habari aliumia, akadhani ameshambuliwa kwa siri mbele za watu, na ilichukua miaka kuupoza moyo wake. Maneno ya barua hayakuwa yamebadilika hata moja. Kilicholeta uchungu ni njia iliyopita.

PINGAMIZI

Wapo watakaosema: programu ya mezani ya nini, ilhali kila mtu anasoma barua kwenye simu au kwenye kivinjari? Tunakubali kwamba kwa mtu mmoja simu yaweza kutosha. Lakini ofisi si mtu mmoja. Umeme unapokatika au bando linapoisha, kivinjari hakionyeshi kitu, ila programu ya mezani kwenye kompyuta yenye chaji inaonyesha barua zote zilizokwisha kuchukuliwa, na karani anaweza kuandika majibu yakasubiri mtandao urudi. Zaidi ya hayo, barua zilizo kwenye seva peke yake ziko chini ya huruma ya mwenye seva. Akaunti ikifungwa, nywila ikipotea au malipo yakichelewa, hakuna kilichobaki mkononi.

Wengine watasema: cha bure hakina uhakika, Outlook ya ofisini ndiyo kazi ya maana. Ni kweli kwamba taasisi kubwa inayotumia seva za Exchange, yenye kalenda za pamoja na mikutano ya kupangiana, itafanya kazi vizuri zaidi ikibaki na Outlook, mradi iwe na mtu wa kuitunza. Hatuwashauri hao wahame. Lakini tuseme ukweli mmoja ambao watu hawapendi kuusema: Outlook nyingi zilizo katika ofisi ndogo hazijanunuliwa. Zimewekwa na fundi kwa ufunguo wa wizi, kwa shilingi chache, pamoja na programu nyingine zote. Hatuwezi kufundisha amri ya saba katika ukumbi wa mafundisho huku ofisi ya jirani inaandika barua zake kwa chombo cha wizi. Na tukiacha hata maadili, ufunguo wa namna hiyo mara nyingi huja na virusi, na programu hiyo hainunuliki tena kwa kusema samahani. Kama fedha za kununua zipo, inunuliwe kwa haki. Kama hazipo, kipo cha bure kilicho halali.

Wa tatu watasema: karani wetu amezoea, kumbadilishia ni kumtesa. Pingamizi hili tunaliheshimu kuliko yote, kwa sababu linamhusu mtu. Mazoea ya miaka kumi ni ujuzi wa kweli, na mama anayejua kwa vidole mahali kila kitu kilipo hapaswi kuamka asubuhi moja akute meza yake imepinduliwa na kijana aliyetoka chuoni. Ndiyo maana tunasema uhamaji upangwe, yeye akiwa ndiye msemaji wa kwanza, na upewe wiki kadhaa badala ya alasiri moja.

NAMNA YA KUHAMA

Haraka haraka haina baraka. Kwanza, ijulikane kama akaunti ni ya POP au ya IMAP. Hilo linaonekana katika mipangilio ya akaunti. Kama ni IMAP, kazi kubwa imekwisha: programu mpya ikipewa anwani na nywila itazileta barua zote kutoka kwenye seva. Ila ziangaliwe zile folda zilizotengenezwa kwenye kompyuta yenyewe na zile za kumbukumbu za zamani, maana hizo hazipo kwenye seva na hazitakuja zenyewe.

Pili, kabla ya kugusa chochote, nakala nzima ya mafaili ya programu ya zamani iwekwe kwenye diski ya nje. Isiwekwe kwenye flashi inayozunguka kutoka kompyuta hadi kompyuta. Programu ya zamani isiondolewe mapema. Thunderbird inaweza kuvuta barua kutoka Outlook ikiwa Outlook bado imo kwenye kompyuta hiyohiyo. Ukiiondoa kwanza, umeutupa ufunguo kabla ya kufungua sanduku. Windows Live Mail ilitunza kila barua katika faili lake la eml, na mafaili hayo huburutwa tu hadi ndani ya folda ya Thunderbird.

Tatu, njia ikikosekana, ipo ya kuzunguka. Barua zilizo mezani katika programu ya zamani huburutwa na kupandishwa kwenye folda ya akaunti ya IMAP, kisha programu mpya inazishusha upande wa pili. Njia hii inakula bando na inahitaji nafasi kwenye seva, kwa hiyo ifanywe folda moja baada ya nyingine, na usiku ambapo vifurushi ni nafuu kama vipo.

Nne, kitabu cha anwani kihamishwe peke yake, kwa kukitoa kama faili la CSV au vCard. Sahihi za chini ya barua na kanuni za kupanga barua kwa kawaida hazihami. Ziandikwe kwenye karatasi, zitengenezwe upya.

Tano, ipimwe. Idadi ya barua katika kila folda ihesabiwe kabla na baada. Zifunguliwe barua chache za miaka ya mwanzo, viambatisho vyake vifunguliwe pia, maana barua inaweza kufika huku kiambatisho kimebaki. Litafutwe jina la mtu ambaye karani anajua kwamba aliwahi kuandika. Akiridhika yeye, ndipo tuseme tumehama. Katika wiki za majaribio programu mbili zinaweza kuishi pamoja bila shida kama akaunti ni ya IMAP. Kama ni ya POP, zisiachwe zote mbili kuchukua barua, kwa sababu ile itakayotangulia inaweza kuzifuta kwenye seva na ya pili isizione kamwe. Na uhamaji huu ni nafasi nzuri ya kuachana na POP.

Sita, baada ya kuhama, nakala ya akiba iwe desturi. Thunderbird huweka kila kitu, yaani barua, anwani na mipangilio, katika folda moja ya mtumiaji. Programu ikifungwa na folda hiyo ikinakiliwa kwenye diski ya nje kila mwisho wa mwezi, ofisi ina nakala kamili inayoweza kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Diski hiyo ikae mahali pa kufungwa, na isikae chumba kimoja na kompyuta, kwa sababu mwizi na moto havichagui.

HITIMISHO

Kazi hii haitakamilika bila jambo moja la mwisho, ambalo halihusu programu hata kidogo. Mapadre huhamishwa, walimu wakuu hubadilishwa, makarani hustaafu. Katika makabidhiano huhesabiwa vikombe vya ibada, viti, mifuko ya saruji, madaftari ya ubatizo na salio la benki. Barua pepe haitajwi. Mara nyingi anwani ya ofisi ilifunguliwa kwa jina la mtu na kwa namba ya simu ya mtu, naye akiondoka anaondoka nayo bila nia mbaya yoyote, na anayeingia anafungua nyingine na kuanza ukurasa mtupu. Tunapendekeza kwamba katika kila hati ya makabidhiano kuwe na mstari unaotaja anwani za ofisi, mahali nywila zilipotunzwa, aina ya programu inayotumika na ilipo diski ya akiba, na kwamba anayeingia afungue barua moja ya zamani mbele ya anayetoka kabla ya kutia sahihi.

Kwa walezi na wakubwa wetu tunaomba jambo dogo: ofisi inapobadili kompyuta mwaka huu, fundi asilipwe mpaka barua zimehesabiwa. Na kwa wenzetu mafrateri, tunapokwenda likizo na kukuta ofisi ya parokia inahangaika na programu iliyokufa, tukae na karani siku mbili tatu tumsaidie kuhama kwa utaratibu huu. Kijana anayejua tofauti ya POP na IMAP anaweza kuokoa kumbukumbu za miaka kumi za jumuiya nzima, na hakuna atakayejua kwamba zilikuwa karibu kupotea.